Niachie Ile ya Itumbilo

Kabla Anselm Masolwa hajaigusa kazi ile, kila mashine ya kusaga iliyokuwa kati ya mji wa Tabora na Sikonge ilikuwa na sauti yake. Mtu aliyetembea katika njia ya zamani, ile iliyokanyagwa na misafara ya pembe na nguo mpaka ikazama chini ya usawa wa majani, aliweza kufumba macho na bado akajua kijiji gani kimekaribia. Moja ilikohoa. Nyingine ilikuwa na kwikwi. Ile ya Itumbilo iliburuta mwendo kama mtu anayerudi kutoka kilabuni bila haraka yoyote, na kwa sababu hiyo Yusufali, fundi wa mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, aliyeiunda, aliiita Mlevi. Kijiji kizima kikalipokea jina hilo, hata akina mama waliosimama kwenye foleni wakawa wanaulizana asubuhi, "Mlevi ameamka?"

Mashine zote hizo zilipita mikononi mwa Yusufali. Alizikusanya katika miaka ya kwanza ya uhuru, kipande kwa kipande, kutoka popote palipokuwa na chuma kilichochoka: injini ya kiwanda cha pamba kilichofungwa, gurudumu la pampu ya misheni, fremu iliyotupwa na wachimbaji wa dhahabu. Alipokosa gurudumu la mkanda, yaani puli, la kipimo alichotaka, alibadilisha urefu wa mkanda. Mkanda ukibadilika, ilimlazimu kubadilisha mwendo wa injini. Mwendo ukibadilika, chekeche ya zamani haikufaa tena, na chekeche ikishabadilika, nyundo za kusagia nazo hazikuweza kubaki pale pale zilipokuwa. Hivyo kila mashine ilikuwa na mpangilio wake wa ndani, uliozaliwa na uhaba wa siku ile, na mpangilio huo haukuandikwa mahali popote. Yusufali aliweka ncha ya bisibisi yake ndefu kwenye tumbo la injini, akaweka mpini sikioni, akasikiliza, kisha akajua.

Anselm alirudi Tabora na shahada ya uhandisi kutoka Nairobi, akapewa meza katika ofisi ya mkoa na jukumu la mashine za vijijini. Ulikuwa wakati ambao watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika msituni, kila moja na kinu chake na mizinga yake ya nyuki, sasa zilikaa pamoja na kutegemea mashine moja. Katika msimu wa mavuno wa mwaka huo, Yusufali aliugua homa akalala kitandani, na mashine zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Vijana waliozisimamia hawakuwa wajinga. Silasi, msimamizi wa mashine ya Itumbilo, aliitwa kijiji cha jirani kusaidia. Akaifunga mashine ya wenzake kama alivyozoea kuifunga ya kwake, na kabla debe la kwanza halijajaa, mkanda ukakatika na kumkosa shingo kwa upana wa kiganja. Alichojua kilikuwa sahihi, ila kilikuwa sahihi Itumbilo tu. Akina mama wakarudi kwenye vinu. Wengine, waliokuwa wameacha vinu vyao kule walikotolewa, wakawapikia watoto mahindi ya kuchemsha.

Anselm aliyaona hayo kwa macho yake, na hapo ndipo alipopata wazo ambalo hata baadaye, alipolijutia kwa upande mmoja, hakuweza kulikana kwa upande mwingine.

Yusufali alipopata nafuu, Anselm alimfuata gerejini Kanyenye akamweleza. Wakae pamoja, wataje kila kitu kinachoweza kubadilishwa katika mashine ya kusaga. Kisha wajiulize: katika hivyo vyote, ni vipi vinavyostahili kubadilishwa kweli, na ni vipi vilivyobadilika kwa sababu tu siku hiyo puli haikupatikana? Visivyostahili vifungwe, mashine zote zifanane moyoni. Puli ya ukubwa mmoja. Chekeche ya tundu moja. Mwendo mmoja wa injini, uwekewe alama ya rangi nyekundu kwenye gavana, kile kifaa kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi. Nafasi ya valvu ipimwe kwa kibamba kimoja cha chuma, kila kijiji kipewe nakala yake. Kitu kimoja tu kiachwe huru mkononi mwa msimamizi: kilango cha kuingizia nafaka, maana mtama na mahindi havimezwi kwa namna moja.

Yusufali alisikiliza akiwa amekaa juu ya kichwa cha injini kilichogeuzwa kigoda. Mwishoni akasema, "Umesema kweli, mpagazi. Ningekufa mwezi ule, watu wangekula chenga."

Alimwita mpagazi kwa haki kabisa. Babu wa Yusufali alikuja bara na bidhaa za kwanza za familia, vitambaa na shanga, na mtu aliyembebea mizigo hiyo kutoka pwani mpaka Unyanyembe, na baadaye mpaka Ujiji, alikuwa babu wa Anselm. Wazee hao wawili walishikwa na njaa pamoja katika nyika ya Wagogo, wakatukanana njia nzima, wakagawana maji ya mwisho ya kibuyu, na walipofika salama wakatangaziana utani. Haukuwa utani wa kabila kwa kabila, bali utani wa njia, wa watu wawili na vizazi vyao, na Tabora, mji uliojengwa na watu wa njia, iliutambua bila kuuliza maswali. Kwa hiyo Anselm, ambaye umri ulimtaka amwamkie Yusufali kwa unyenyekevu, alikuwa akiingia gerejini na kusema, "Shikamoo, marehemu," naye Yusufali alijibu, "Marahaba, mpagazi, mzigo wangu uko wapi?"

Utani una sheria zake, na kila aliyekulia Unyamwezi anazijua kabla hajajua kusoma. Mtani hakasirikiwi. Mtani akichukua kuku wako, huendi kumdai. Ukimsihi mtani akuachie kitu fulani, umekwisha kumwonyesha kitu cha kuchukua kwanza. Na siku ya msiba, mtani ndiye anayelala mlangoni kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, hata kipande cha sabuni. Akishapewa hana la kusema tena, anapisha.

Kazi ilianza mara tu mvua zilipokatika. Wawili hao waliizunguka njia ya zamani katika gari bovu la Yusufali, ambalo lilipata kibali cha petroli kwa sababu tu ya kazi ya mashine. Yusufali hakuficha kitu. Alimfundisha Anselm kasoro ya kila mashine kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jamaa zake, kisha akakaa kando akitazama kasoro hiyo ikiondolewa. Mashine ya kwanza ilipowashwa katika mpangilio mpya, ikasaga bila kukohoa, alipiga makofi kwa dhati. Ilipowashwa ya pili, ikatoa sauti ile ile, alipiga makofi tena. Katika ile ya tatu aliangalia mikono yake.

Alasiri moja, walipokuwa wamebakiza vijiji vichache, walikaa gerejini wakinywa chai ya tangawizi. Kherunisa, mke wa Yusufali, alikuwa amesimama na sinia akingojea glasi.

"Haya, mpagazi," Yusufali akasema. "Umeniua vizuri, bila damu. Sanda nani atanunua?"

"Tajiri kama wewe unazikwa na sanda?" Anselm akajibu. "Wewe tutakushona kwenye gunia la pumba."

"Pumba zenyewe ziwe za mashine zangu basi."

"Zako ziko wapi tena? Zote sasa ni za rangi nyekundu."

"Astaghfirullah," Kherunisa akasema. "Watu wazima hawa! Kunyweni, nataka glasi zangu."

Yusufali akacheka, kisha akainama, akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono. Mikono yenyewe ilikuwa safi, maana alikuwa ametoka kunawa. "Chukua zote," akasema. "Sina neno. Ila niachie ile ya Itumbilo. Mlevi wangu niachie."

"Mlevi? Huyo ndiye wa kwanza kupelekwa mahakamani."

"Nakuomba, mtani."

"Alaa, unaomba kabisa!" Anselm akapiga goti kwa kiganja. "Basi umeshampoteza. Mama Shahida, umesikia? Ameomba mbele ya shahidi."

Kherunisa alichukua glasi ya mumewe, ikiwa bado imejaa, akaingia ndani.

Ukweli ni kwamba Anselm alikuwa amekwisha kuamua kuiacha mashine ya Itumbilo kama ilivyo. Injini yake ilikuwa ya asili tofauti na zote, yenye gurudumu zito na mwendo wa polepole, na kuifananisha na wenzake kulihitaji kumwaga zege upya, kusogeza ekseli na kutafuta vipuri ambavyo vingefaa kwenda kwingine. Akili yake ya uhandisi ilimwambia kwamba mpangilio mmoja hauharibiki kwa kuwa na mgeni mmoja anayejulikana. Lakini sasa mtani alikuwa ameomba. Njiani kurudi nyumbani Anselm alijikuta akicheka peke yake, akiona jinsi mzee atakavyopigwa na butwaa, na kazi ambayo hesabu zilikuwa zimemkataza kuifanya, utani ukamruhusu.

Alikwenda Itumbilo bila Yusufali. Yeye na Silasi walifanya kazi wiki nzima katika joto la kibanda cha bati. Siku waliyovunja zege la zamani, Silasi alisimama, akaegemea sururu.

"Mhandisi, hii inasaga. Taratibu, lakini inasaga. Mbona tunaitesa hivi?"

"Mzee Yusufali aliniomba nisiiguse."

Silasi akamtazama, kisha uso ukamfunguka. "Kumbe ni watani! Sasa si ungesema mapema?" Akatemea viganja mate, akainua sururu, akapiga kwa nguvu kuliko mwanzo, akicheka. Alielewa mara moja. Kila mtu Itumbilo alielewa, na mtu mzima yeyote kati ya Itumbilo na mji angeelewa vivyo hivyo. Hiyo ndiyo shida ambayo Anselm alikuja kuifikiri sana baadaye: kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwuliza kama ana hakika.

Mashine ilipowashwa, iliimba wimbo ule ule wa nyingine zote. Vumbi la unga likapanda, akina mama wakapiga vigelegele, na foleni ikayeyuka kabla jua halijasimama. Anselm alichukua puli ya zamani, ile kubwa isiyolingana na mashine nyingine yoyote, akaifunga katika kipande cha amerikani nyeupe, nguo ile ile ambayo babu yake aliibeba mabegani. Ijumaa, baada ya sala, yeye na Silasi waliibeba mpaka Kanyenye, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu waliobeba mwili mdogo. Walipita taratibu mbele ya maduka wakiomboleza, "Mlevi wetu ameondoka! Alikunywa dizeli, akatuacha!" Wenye maduka walitoka nje. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mzee Champaklal, muuza viungo, akatupa punje chache za mchele juu ya mzigo.

Yusufali alikuwa amesimama mlangoni pa gereji. Walimshushia mzigo miguuni. Alikunjua kitambaa, akaiona puli, akaiinua kwa mikono miwili.

"Umeniweza," akasema.

"Nilikwambia utampoteza!"

"Uliniambia." Akacheka, kwa kuwa mtani hana ruhusa ya kufanya kingine, na kicheko chake kilisikika mpaka upande wa pili wa barabara. "Ngoja nimweke marehemu mahali pake," akasema, akaingia ndani na puli. Hakutoka tena jioni ile, lakini Anselm hakuligundua hilo, kwa sababu barabara nzima ilikuwa ikimpongeza.

Miezi ikapita. Mashine zilikwenda bila taabu. Silasi sasa aliweza kwenda kijiji chochote na kibamba chake mfukoni, akarekebisha chochote, akarudi kabla ya chakula. Ofisi ya mkoa ilimpongeza Anselm, na wageni kutoka mikoa mingine walikuja kutazama. Naye, katika shughuli hizo, akawa hapiti Kanyenye mara kwa mara. Hapakuwa na sababu ya kikazi ya kupita. Alikumbuka utani siku moja tu, alipoona ni zamani hajamtukana mtu, akaenda gerejini na maneno yake tayari mdomoni.

Alikuta makasha. Kuta zilikuwa zimevuliwa spana, na mahali kila spana ilipokuwa imening'inia palibaki umbo lake katika moshi wa miaka mingi. Kherunisa alikuwa akifunga sahani katika magazeti.

"Shikamoo, Mama Shahida. Mnahamia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kanada. Kwa Shahida. Hukusikia?" Alisema bila uchungu. "Mimi nafurahi, sikufichi. Mjukuu wangu ametembea bila mimi kumwona."

"Lakini Mzee Yusufali alisema haondoki. Miaka yote alisema hivyo."

"Hakusema haondoki. Alisema hawezi kuondoka. Si neno moja, Anselm." Akaweka sahani chini. "Shahida aliandika: njooni. Ndugu zake wakaandika: mnangoja nini huko? Yeye anajibu, siwezi, nina mashine, watu watakosa unga. Mimi ningesema nini? Mtu anagombana na unga wa watu? Ulipoanza kuzichukua, akaniambia, bado ile ya Itumbilo, hakuna mwingine anayeijua. Moja ilimtosha. Ilimpa petroli ya kwenda na kurudi. Ilimpa neno la kuwajibu watoto, na la kunijibu mimi."

Anselm akauliza, "Kwa nini hakuniambia?"

Kherunisa alimtazama kama mtu anayepima kama inafaa kusema. "Alikuambia, baba. Hapo ulipo. Mimi nilikuwa nimeshika sinia."

Yusufali aliingia kutoka uani, amebeba kamba. Alipomwona Anselm, uso wake ulichukua umbo la zamani. "Mpagazi! Umefika wakati mzuri. Mizigo ile pale."

"Mzee," Anselm akasema, na neno hilo lilitoka bila tusi nyuma yake. "Nitairudisha. Ile ya Itumbilo. Nipe puli. Kabla ya mwisho wa mwezi itakuwa kama ulivyoiacha."

"Ulishapita Itumbilo siku hizi?"

"Nilipita."

"Wanasemaje?"

Anselm alitaka kudanganya, akashindwa. Wiki iliyotangulia, Batuli, mama mmoja anayelea wajukuu peke yake, alikuwa amemshika mkono kwenye kibanda cha mashine, akamwambia kwamba tangu alipoitengeneza, anafika nyumbani jua lingali juu, na watoto wanakula kabla hawajasinzia. "Wanasema inasaga vizuri," akajibu.

"Basi." Yusufali akaanza kuzungusha kamba kwenye kasha. "Utawaambia nini? Rudini kwenye foleni, kuna mzee mjini anataka kisingizio? Nami nilikuwa upande wako, Anselm. Kila uliloniambia juu ya mashine zile lilikuwa kweli. Halafu, alichochukua mtani hakirudi. Wewe ndiye ungenicheka ningekidai."

"Sikujua kwamba..."

"Najua hukujua." Akavuta fundo likakaza. "Ningelisema vinginevyo, lingekuwa ombi la mtu anayeomba kazi kwa kijana wa ofisini. Nikaona nipite mlango wa utani, ni mwepesi kidogo. Shika hapa, nifunge."

Anselm akashika pale alipoonyeshwa.

Siku ya safari, kituo cha reli cha Tabora kilijaa kama kawaida ya siku ya treni ya Dar es Salaam. Kanyenye nzima ilikuwa pale: Champaklal na mfuko wa viungo vya safari, wauza vitambaa, mafundi wa baiskeli, na Silasi aliyekuja kwa baiskeli kutoka Itumbilo na debe dogo la asali. Anselm alifika mapema, akajificha nyuma ya nguzo kama mtu mwenye deni, mpaka alipoona Kherunisa amepanda na mizigo imeingizwa, na Yusufali ameinua mguu kukanyaga ngazi ya behewa.

Hapo alitoka mbio. Alimpita mzee, akajilaza kwa mgongo katika mlango wa behewa, mikono ameitandaza huku na huku.

Kituo kizima kikaangua kicheko. "Mtani amezuia jeneza!" mtu akapaza sauti. "Haliondoki!" Silasi aliweka asali chini apate kupiga makofi vizuri. Hata mwenye bendera ya kijani aliishusha, akasogea atazame, kwani ni nani angekatiza jambo kama hilo?

"Usiende," Anselm akasema.

"Sikiliza anavyolia!" watu wakachekelea. "Mlipeni, mlipeni!"

"Sitaki kitu. Mzee, nakuomba. Usiende. Tutatafuta kazi nyingine, tutatafuta neno la kuwaambia. Nakuomba."

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti aliyotumia kanisani na ofisini, na macho yake yalikuwa yamelowa. Lakini macho ya mtani mlangoni pa msiba hulowa vilevile. Huo ndio ufundi wenyewe, na watu walizidi kumsifu kwamba hajawahi kuonekana mtani aliyeijua kazi yake namna hii. Kadiri alivyoomba kwa ukweli, ndivyo kicheko kilivyoongezeka.

Yusufali peke yake hakucheka. Alisimama kwenye ngazi akimtazama, kisha akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta mikono yake, ambayo ilikuwa safi. Anselm aliona, akajua kwamba amesikika.

Injini ya treni ikapiga honi. Yusufali akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni, akaingiza mkono ndani ya koti lake la safari. Alichotoa kilikuwa ile bisibisi ndefu, mpini wake umeng'aa kwa miaka ya kuegemezwa sikioni. Akainama, akaiweka juu ya kifua cha Anselm, akakikunja kiganja cha kijana huyo juu yake.

"Umelipwa, mpagazi," akasema, kwa sauti kubwa kidogo, ili mashahidi wasikie.

"Amelipwa!" watu wakaitikia. "Apishe!"

Anselm alilala pale kitambo, akihisi uzito wa chuma kifuani na mtetemo wa behewa mgongoni. Alitafuta sheria nyingine, hata moja, ambayo ingemruhusu kubaki mlangoni. Akainuka, akapisha.